Breki ya Upande wa Abiria

Gari jeupe lililofunikwa turubai kando ya nyumba ile lina tundu moja, na tundu hilo si la kutu. Liko kwenye zulia, mbele ya kiti cha abiria, mahali hasa ambapo mguu wa kulia wa mtu aliyekaa hapo hufika akiunyoosha. Ni kazi ya mama mmoja mshonaji ambaye, tangu aolewe na dereva wa basi, amekuwa akikanyaga breki ambayo haipo.

Watu walimwita Taratibu. Si kwa upole, maana ulimi wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi. Walimwita hivyo kwa sababu ya neno alilolisema kila mumewe alipowasha injini, na kila alipobadilisha gia, na kila lori lilipotokea mbele, hata kama lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa. Mumewe naye abiria walimwita Kapteni. Alilipokea jina hilo kama cheo alichosomea, na hata alipostaafu alitembea sebuleni kwake huku akiangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka kwenda chooni.

Kapteni aliwahi kumfundisha mkewe kuendesha. Taratibu akafaulu mtihani, akapewa leseni. Siku ya kwanza ya yeye kuushika usukani, Kapteni alikaa upande wa abiria kwa mitaa miwili tu, akasema anasikia kichefuchefu, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo usukani ukarudi kwa mwenyewe. Lakini leseni ya Taratibu ilipokaribia kwisha alikwenda kuihuisha, na ilipokaribia tena akaenda tena, kimyakimya, kama mtu anayelipia kiwanja ambacho hana haraka ya kukijenga.

Kisha macho ya Kapteni yakaanza kumsaliti. Kwanza aligonga geti, akasema geti limesogea. Halafu akapanda bustani ya jirani, akasema bustani ni mpya, wakati maua yenyewe yalikuwa yameanza kuzeeka. Mara ya tatu hakugonga kitu, na hiyo ndiyo iliyowatisha wote. Mama mmoja aliyekuwa anavuka na ndoo aliruka pembeni, ndoo ikabaki barabarani, na Kapteni akaendelea na mluzi wake, ule anaoupiga njia ikiwa nyeupe, haina kitu. "Mbona unapiga kelele bure?" alimwuliza mkewe. Ni siku hiyo zulia lilipotoboka. Jioni binti yao, aliyekuwa akiishi na mumewe katika vyumba vya nyuma, alichukua ufunguo wa gari akaenda nao.

Mwanamume asiyeendesha alikuwa mtihani ndani ya nyumba. Kutwa alikaa dirishani akiwakosoa wapita njia. "Yule anabadilisha gia kama anakwangua sufuria." "Huyu naye nani alimpa leseni?" Mwisho akanyamaza hata kukosoa, na hapo Taratibu akaona afadhali kelele. Alimwita binti yake jikoni akamwambia, "Baba yako anakauka. Fanya kitu."

Binti alikuwa fundi wa mitandao, na kazini kwao walikuwa wamebadilisha kompyuta. Akaokota mabaki: sanduku moja kubwa, kadi ya picha yenye feni tatu, na waya wa kutosha kumfunga ng'ombe. Akaviunganisha, akaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na juu yake akaweka programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi, mwenye akili na muda anaufungua, anausoma, anaurekebisha. Mashine ikawekwa stoo, kati ya makopo ya rangi na godoro kuukuu. Gemu lilichezeka palepale stoo, kisha picha ikarushwa kwa mtandao wa nyumba hadi kwenye kioo chochote: televisheni ya sebuleni, simu ya mkwe, tableti ya jikoni. Ukibonyeza kitufe sebuleni, amri inakimbia stoo, gemu linatii, picha inarudi kabla hujapepesa macho. Mashine moja, nyumba nzima, na hakuna kampuni ya mbali inayodai chochote wala kuchungulia. Kwa kuwa ilinguruma mchana kutwa, ikala umeme na haikufagia hata siku moja, wakaiita Mpangaji.

"Kila mtu atakuwa na mlango wake," binti alieleza siku ya uzinduzi, akiwa amechutama stoo na tochi mdomoni. "Jina lake na neno lake la siri. Hapo hamtaingiliana."

Kapteni alikunja uso. "Neno la siri la nini? Mimi na mama yako hatujawahi kufichana kitu. Sisi tupe mlango mmoja."

"Baba, mkiingia mlango mmoja mashine itawahesabu mtu mmoja. Mtaona picha moja, na vifaa vyenu vyote viwili vitaendesha kitu kimoja."

"Basi itakuwa imehesabu sawasawa."

Kapteni hakuwa mtu wa kutoa maneno ya namna hiyo ovyo. Taratibu alifurahi hata akakimbilia jikoni kulificha tabasamu. Binti akainua mabega, akaandika jina moja la watu wawili: Wazee.

Akamletea baba usukani wa kufunga mezani, na kanyagio zake za kuweka chini, na gemu la malori. Kapteni alivaa viatu. Alirekebisha kiti. Alitafuta kioo cha pembeni cha kurekebisha, akakikosa, akaweka kile cha kunyolea ndevu. Ndipo akawasha injini, na katika muda ambao mkwe alitumia kumaliza kikombe cha chai, aligonga kituo cha mafuta, basi la wanafunzi, na kituo cha mafuta kingine. "Gari lina usingizi," alilalamika. "Nakata kona, linakata kesho." Binti akaacha kutegemea mawimbi ya hewani, akavuta waya kutoka stoo hadi sebuleni. Gari likaamka, ila Kapteni akaendelea kugonga.

Mchana mmoja Taratibu alikuwa anasubiri maharage yaive. Akafungua tableti, akaingia kwa mlango wa Wazee, acheze karata. Badala ya karata akaona barabara, na lori linaifuata kasi, na chini ya kioo vitufe vya kuchorwa. Alidhani ni filamu. Kisha akausikia mluzi kutoka sebuleni, ule mluzi wa njia nyeupe, na lori likawa linaelekea mzunguko wa barabara kama vile mzunguko ndio uliotakiwa kupisha. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu ya jikoni. Sakafu haikusaidia kitu, kama ilivyo desturi yake. Lakini kidole gumba, bila kuomba ruhusa kwa mtu, kikakandamiza kitufe cha breki.

Lori likasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Taratibu alikanyaga kama abiria na gari likamsikia. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono kifuani. Maharage yaliungua siku hiyo, naye hakujali hata kidogo.

"Mama watoto!" Kapteni aliita. "Umesikia breki zile?"

"Nimesikia."

"Miguu ya dereva haizeeki!"

"Haizeeki, mume wangu."

Hivyo ndivyo alivyoanza kumvika mumewe kilemba cha ukoka, na mikono ya mshonaji inajua kufunga kilemba. Kapteni alipoketi sebuleni, yeye aliketi jikoni. Kapteni alisafirisha matofali, akasafirisha mayai, akasafirisha sahani, na mizigo yote ikafika salama. Alianza tena kunyoa ndevu kila asubuhi. Alianza tena kukosoa wapita njia, na Taratibu alizisikia kelele zile kama muziki. Wakati mwingine alichelewa kidogo na lori likapunguza mwendo kwa mshtuko, wakati mwingine aliwahi mno likasimama katikati ya barabara tupu, kwa sababu alikuwa ameona kuku wa kuchorwa na hakutaka lawama.

"Breki hizi ni bishi," Kapteni alimwambia binti yake. "Mara nyingine zinashika kabla sijafikiria."

Binti akaifungua Mpangaji. Akabadilisha waya, akasafisha feni. Akatazama ni nani wameingia, akaona mtu mmoja tu, Wazee, kama walivyojiandikisha. Akashindwa. Akawaandikia wale watu wa kujitolea wanaoitunza programu ile, waliotapakaa dunia nzima, akawaambia breki inajikanyaga. Wakajibu wengi, maana watu hao hitilafu ngumu kwao ni kama harusi. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema ni kanyagio mbovu. Wa tatu akauliza kama kuna wakati ambapo tatizo halitokei kabisa. Binti akachunguza, akajibu kwa uaminifu wote: halitokei mama akiwa sokoni. Hata hapo hakuna aliyejumlisha. Wakakesha, wakatoa kiraka, yaani msimbo mdogo wa kuziba kasoro.

"Wametutumia kiraka, mama!" binti alitangaza. "Watu wema sana."

Taratibu aliinamia cherehani yake. Mshonaji yeyote anajua aibu ya kumwekesha mwenzako kiraka kwenye nguo isiyochanika. Aliwaonea huruma watu wale asiowajua, waliopoteza usingizi kwa ajili ya kidole chake. Alijiahidi kwamba ataacha. Kisha mluzi ukasikika sebuleni, na ahadi ikaenda na upepo.

Hayo yangeendelea hivyohivyo, kila mtu na furaha yake, kama Kapteni angekula chakula chake akanyamaza. Lakini sifa humwasha mtu. Mezani, mbele ya mkwe, alisafisha koo.

"Nataka mtihani. Nipeni safari ndefu kuliko zote, mzigo wa vioo, na njia ipite mjini katikati. Nikifika bila mkwaruzo, narudishiwa ufunguo wa gari langu."

Binti alikuwa bado anaviona vile vituo viwili vya mafuta vya siku ya kwanza. "Sawa, baba," alisema, mdomo umejaa.

"Jumamosi mchana. Mbele ya watu wote."

Taratibu aliweka kijiko chini. Sasa tazama fundo alilojifunga mwenyewe. Akiendelea kukanyaga, mumewe atashinda, atapewa ufunguo, atatoka kwenye barabara ya kweli yenye watu wa kweli, na huko yeye hana kitufe, ana tundu kwenye zulia. Asipokanyaga, Kapteni atavunja vioo mbele ya mkwe wake, arudi dirishani, anyamaze. Moja litaua mtu, la pili litamuua Kapteni mwenyewe. Alijaribu kumdokeza. "Ya kwenye televisheni si ya barabarani, mume wangu." Kapteni akacheka kwa upendo. "Wewe mambo ya breki huyajui." Taratibu alikuwa na jibu, akalimeza, na lilishuka kwa shida.

Akaamua kwamba heri aibu kuliko msiba. Jumamosi aliifungia tableti kwenye droo ya cherehani. Alitaka kukaa sebuleni na wengine, lakini Kapteni, aliyekuwa amevaa shati lake la kazi la zamani, alimwonyesha mlango. "Wewe kaa jikoni. Ukiwa karibu unanitia wasiwasi na hilo neno lako." Kwa hiyo alikwenda jikoni, akaikalia mikono yake. Injini ikanguruma. Akaitoa mikono, akafungua droo. Kuangalia tu, alijiambia.

Na Kapteni aliendesha vizuri. Hili lisemwe bila kutia chumvi. Kwenye barabara kuu alilishika lori lile kwa utulivu wa mtu aliyelala na kuamka juu ya usukani, akipisha, akishukuru kwa taa, akipunguza mwendo kabla ya kona, na kidole cha Taratibu hakikuwa na kazi. Alimtazama akivuka madaraja na kushuka milima, akakumbuka basi la siku za uchumba wao, Kapteni akiwa kijana aliyemwachia kiti cha mbele bila nauli, na akaona uchungu wa ajabu. Mikono haikuwa imesahau kitu. Ni macho tu.

Wakaingia mjini. Taa, pikipiki, majengo. Mbele kulikuwa na kivuko, na kutoka pembeni, ambako macho ya Kapteni hayakufika tena vizuri, mama mmoja wa kuchorwa mwenye mfuko akaingia barabarani. Lori halikupunguza mwendo. Mluzi uliendelea.

Ni mtu wa kuchorwa tu, Taratibu alijiambia. Mwache. Vioo vitavunjika, ufunguo utabaki kwa binti, na mambo yatakuwa yamekwisha. Alikuwa amekata shauri kabisa. Lakini mama yule alitembea taratibu kama mwenye magoti mabaya, na sebuleni mluzi ulikuwa na furaha, na kidole hakikusubiri shauri la mtu.

Lori likasimama. Mama wa kuchorwa akavuka bila hata kushukuru. Mkwe akapiga makofi. "Hapo sasa! Huo ndio uzoefu!"

Mluzi ulikuwa umekatika. "Mimi sikumwona," Kapteni alisema.

"Lakini umesimama vizuri kabisa, baba."

"Sikumwona. Na sijakanyaga."

Akainua miguu yote miwili juu ya kanyagio, akaishikilia hewani kama mtu anayefagiliwa chini ya kiti. Taa ya barabarani ikageuka kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi. Lori halikutikisika, kwa sababu huko jikoni kidole cha Taratibu kilikuwa bado kimeganda kwenye kioo.

Hakumsikia akiingia. Kapteni alimkuta ameketi juu ya ndoo, macho kwenye tableti, jasho limemtoka, na mguu wa kulia umenyooka, unakandamiza sakafu mpaka kandambili imepinda. Aliutazama kwanza ule mguu.

"Tangu lini?"

Taratibu aliruka, tableti ikataka kuanguka kwenye sufuria. "Tangu siku ile ya maharage."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga tu. Gari halikuwa linanisikia."

Kapteni aliwaka. Alisema amefanywa mtoto ndani ya nyumba yake. Alisema matofali hayakuwa yake, mayai hayakuwa yake, sahani hazikuwa zake. "Umenivika kilemba cha ukoka!"

"Nimekuvika," Taratibu alijibu, machozi yakimlengalenga, "na kilikupendeza."

 Kapteni akavuta kiti, akaketi karibu na ndoo. Binti na mkwe walikuwa wamefika mlangoni na hawakuthubutu kuingia.

"Yule mama wa ndoo," Kapteni alisema baadaye, sauti imeshuka. "Yule wa kweli. Naye sikumwona, sivyo?"

"Hukumwona."

"Nikakwambia unapiga kelele bure."

"Ulisema hivyo."

Alijifuta uso kwa kiganja. Taratibu akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka binti aliposhindwa kujizuia. "Kwa hiyo hitilafu ni mama?" Akatoa simu akawaandikia wale watu wa kujitolea: imepatikana, ni mama yangu, tunaomba radhi. Mmoja alijibu papo hapo kwamba nyumbani kwake kuna mama wa namna hiyo, na kama mama ataruhusu, wangependa kuiingiza breki yake ya abiria rasmi kwenye programu.

Kapteni hakucheka. Alikuwa amesimama, amenyoosha mkono kwa binti yake. "Vioo havijavunjika. Ahadi ni deni. Nipe ufunguo."

"Baba..."

"Ufunguo."

Binti alimtazama mama yake, mama akatazama chini. Ufunguo ukatoka mfukoni kwa shida. Wakamfuata nje wote watatu, roho mkononi. Kapteni alivuta turubai, akaipiga kofi boneti kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake, akafungua mlango wa dereva. Hakuingia. Aliushikilia wazi.

"Leseni yako bado ni hai, si ndiyo?" alimwuliza mkewe.

Taratibu alishtuka. "Ulikuwa unajua?"

"Nimekwambia, hatujawahi kufichana kitu." Kisha akafikiri kidogo. "Zaidi ya hii ya breki."

Akamwekea ufunguo kiganjani, akalizunguka gari hadi upande wa pili, akaketi, akafunga mkanda. Akatazama chini, akaliona tundu. Mkwe alikimbia kufungua geti, akalifungua mpaka mwisho, kisha akasimama mbali kwa usalama wake. Taratibu akawasha injini. Akarekebisha kioo. Akaingiza gia, na gari jeupe likaanza kutoka polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji.

"Taratibu," Kapteni alisema, uso umekauka, na mguu wake wa kulia ukaingia kwenye tundu la zulia, ukakanyaga.

Mbele hapakuwa na kitu chochote, hata kuku. Taratibu akashika breki.